Mashine Uliyoninunulia Si Feki

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo. Pokea kwanza salamu za humu ndani. Wote tuko wazima, isipokuwa shemeji yako ana mafua ya kujidekeza, kila akipiga chafya anataka apewe pole. Mgongo wako je, umepoa? Na wanao wameacha kugombania rimoti? Haya, ukishanijibu hayo moyoni, kaa kitako. Nina habari za kupigiwa vigelegele, na wewe una fungu lako ndani yake.

Unavikumbuka vitu nilivyokuja navyo hapa nilipoolewa: birika la umeme la mama, pasi ya mvuke ya shangazi, na ile mashine ya kufulia uliyoninunulia wewe kwa kujinyima. Dada, vyote vilikufa. Birika lilianza kunguruma, likachelewa kuchemka, mwisho likazima kabisa. Pasi ikaziba matundu, ikawa inatema vipande vyeupe, na siku ilipoamua kutema vizuri ikatema juu ya gauni jeusi la wifi yangu, yule mwenye saluni. Mashine yako nayo ikafuata, ukiiwasha inavuma tu na maji haivuti. Sikukuandikia kwa sababu nakujua, ungepanda gari siku hiyohiyo uje kugombana.

Na kweli ungegombana. Wifi alitangaza kwamba kwetu tumewaletea vitu feki, na kwamba mashine ile ilikuwa imeshatumika, ikapakwa rangi. Akimaliza hapo anageukia mikono yangu, eti nina mkono mzito, kila ninachogusa kinakufa. Nikawa nikishika hata kijiko watu wananitazama. Nililia, nisikufiche, nililia bafuni bomba likiwa wazi wasinisikie.

Sasa nikueleze habari ya bomba lenyewe. Maji yetu hayatoki mjini. Yanatoka kwenye kisima alichochimbisha marehemu baba mkwe nyuma ya nyumba, yanapanda tangini, yanashuka jikoni na bafuni. Kisima hicho ndicho fahari ya nyumba nzima. Mgeni akija huonyeshwa kisima kabla ya kuonyeshwa kiti. Husimuliwa jinsi marehemu alivyosema kwamba maji matamu kama yale hayapo mtaa mzima, na kama unabisha, unaletewa chai ya mama mkwe uonje. Chai hiyo, dada, wallahi sijanywa mfano wake. Kwa hiyo humu ndani unaweza kumsema yeyote ila maji.

Basi siku moja mvua ikanyesha, nikakinga beseni chini ya paa, nikaloweka shati la shemeji yako. Weee! Povu likafurika mpaka sakafuni. Sabuni ni ileile, mikono ni hiihii mizito. Kwa maji ya bomba sabuni hukatika ikawa kama uji ulioharibika, na nguo zikikauka zinasimama zenyewe kama maboksi. Nikachukua sufuria mbili, moja ya mvua, moja ya bomba, nikachemsha mpaka zikauke. Ya mvua ikabaki safi. Ya bomba ikabaki na ukoko mweupe umeng'ang'ania chini. Hapo nikajua nani muuaji.

Nikamwonyesha shemeji yako. Akatazama sufuria, akatazama kucha zake, akasema ni kweli lakini tunyamaze, mama ataumia. Hebu fikiria! Mimi niitwe mkosi ili kisima kisikasirike. Ila nilimhurumia pia mama mkwe, mwanamke hajawahi kunivunjia heshima, nikameza.

Nilimeza mpaka Jumapili iliyopita, wifi alipoitisha kikao. Baba mdogo wa shemeji yako akakaa kiti cha mbele, fundi wa mashine akaitwa awe shahidi. Hoja ilikuwa mashine ipakiwe irudishwe kwako, uambiwe nyumba yao si jalala. Na wifi akaongeza, kwa sauti ya kujisemea, kwamba gari likienda na mashine lina nafasi ya mtu pia. Nilimtazama mume wangu. Kucha tena.

Fundi akafungua. Koili ya kuchemshia imevikwa weupe, nene kama mguu uliofungwa plasta. Kichujio cha mlango wa maji kimeziba tiii. Wifi akaruka juu, haya, si mnaona wenyewe, kitu cha zamani hiki! Damu ikanipanda. Nikasimama, nikaomba radhi kwa wakubwa, nikasema mashine ilitoka dukani mpya, dada yangu si tapeli, na kinachoua vitu ni maji ya bomba hili. Nikazileta sufuria zangu mbili.

Baba mdogo akaniuliza taratibu kama namwita kaka yake mwongo. Wifi akasema chokaa ile nimeipaka mwenyewe. Nikajua nimekwisha.

Ndipo mama mkwe akainuka, akaenda jikoni. Akarudi na dumu la njano, akaliweka katikati. Akasema hayo ndiyo maji ya chai. Huyachota kwa jirani yetu nesi, mwenye tangi la mvua, kupitia geti la nyuma, tangu kisima kilipochimbwa. Akaeleza kwamba chai ya kwanza aliipika kwa maji ya kisima, ikafunga utando juu na ikawa na ladha ya chaki, akaimwaga kabla mumewe hajaiona. Mzee alikuwa na furaha mno siku ile, hakuwa na moyo wa kumwambia. Kila kikombe alichokisifia marehemu mpaka anaondoka duniani kilikuwa maji ya jirani!

Mama wa watu akacheka, akalia, akacheka tena. Kisha akasema alimficha mumewe kwa mapenzi na hajuti, lakini hawezi kuendelea kumpamba kwa kumchafua mtoto wa watu. Wa kwanza kucheka baada yake alikuwa baba mdogo, maana yeye ndiye msifiaji mkuu wa ile chai.

Fundi akaloweka koili kwenye siki ya moto, ukoko ukatoka povu na kubanduka vipande vipande. Akasafisha kichujio, akarudishia, akawasha. Dada, mashine ikavuta maji! Nilipiga kigelegele peke yangu kama mwendawazimu. Shemeji yako ameshaanza kufunga mabomba ya kukinga mvua, kucha zimejaa udongo hazitazamiki. Na wifi, usidondoke, ameniomba radhi kisha akaniuliza ulinunua duka gani, anataka ya kufulia mataulo ya saluni. Sikumjibu haraka. Nilikaa kwanza nikafaidi.

Nisalimie mama na shangazi, uwaambie vitu vyao havikuwa na kosa. Wabusu watoto. Mama mkwe amesimama begani kwangu, anataka nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema: kwamba kikao kimefungwa, na mashine haitoki nyumba hii, wala aliyekuja nayo.

Mdogo wako,
Chiriku