Ukungu Kwenye Jicho la Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Vipele bado. Viganjani na nyayoni, tangu mwezi wa sita. Haviwashi, haviumi. Zahanati walisema fangasi. Tyubu ya pili imeisha – nimechoka kupaka. Mume wangu Abdillah anasema ni sabuni ya kufulia. Labda. ARV sijaruka hata siku moja, mwaka wa tisa huu. Tunameza pamoja, mimi na yeye, baada ya chakula. Kipimo cha mwisho virusi havikuonekana.

Alhamisi, 7 Agosti
Mnadani Getanuwas, nauza mashuka. Mzee Bura, mfugaji, mteja wangu wa siku nyingi. Nikampa shikamoo, akaomba shuka la zambarau. Nikampa jeusi. Akauliza kama nina msiba. Tukacheka. Lakini mimi niliona zambarau kabisa.
Jicho la kushoto lina ukungu. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 9 Agosti
Ukungu umezidi. Jicho jekundu. Dukani amekaa Raudha, mwanangu. Mimi nimelala tu.

Jumatatu, 11 Agosti
CTC Katesh, kliniki yetu ya VVU, tarehe yangu ya dawa. Daktari mpya, Efrazia, binti mdogo tu. Akageuza viganja vyangu. Akasema nivue viatu. Akamulika jicho. Akanitoa damu, akapima.
Kaswende.
Nikamwambia kaswende ni kidonda sehemu za siri, mimi sijawahi. Akasema kidonda hupita bila mtu kujua. Na kwa sisi wenye VVU huweza kuja kwa sura nyingine, ikaingia jichoni mapema. Nilazwe, sindano za mshipa siku kumi na nne. Nikichelewa, jicho huenda lisirudi.
Akauliza taratibu kama mwenza wangu ni mmoja. Mmoja, nikasema. Basi aje apimwe.
Nilikaa kwenye benchi la nje hadi wenye foleni wakaisha.

Jumanne, 12 Agosti
Wodini. Sindano kila baada ya saa nne. Mkono umevimba.
Abdillah kaja na uji. Nikamwambia ni kaswende. Akakoroga uji. Akasema tutaongea ukipona. Hakuuliza imetoka wapi. Mtu asiyejua angeuliza.
Sina nguvu ya kufikiri.

Ijumaa, 15 Agosti
Leo naona vidole vyangu kwa jicho la kushoto. Hafifu, lakini vitano.
Abdillah katoka msikitini moja kwa moja, na kanzu yake. Daktari Efrazia akamkuta hapa, akamwambia: “Baba, twende tukupime damu, si muda mrefu.”
Abdillah akatazama sakafu. “Nilishapima.”
“Lini?”
“Mwezi wa tatu, Babati. Nikachomwa sindano, nikapona.”
Daktari akaniangalia mimi, si yeye. Akasema hata hivyo lazima apimwe tena, anamsubiri chumba cha pili. Akavuta pazia, akatoka.
Abdillah hajaenda. Amekaa kwenye kiti cha plastiki. Naandika ili nisimwangalie.
Anasema, “Mama Raudha, niulize chochote.”
Nimeuliza moja tu. Babati, walipokuchoma – walikwambia uje na mimi?
Amevua kofia, ameiweka gotini.
“Walisema.”
Nesi ameingia na sindano ya saa nane. Nampa mkono. Abdillah bado amekaa, ananishikia daftari lisianguke, na mimi sijui nimwambie aachie au aendelee kushika.