Ile Balanse Ilikula Yomba Yako

Mwipwa wangu Trezor, mutoto wa dada yangu,

Hii barua haina bahasha. Nimeiacha wazi kusudi mama yako aisome wa kwanza, dada yangu mwenye kulia kila siku juu yako, kisha ule kijana mwenye kuuza unité ya simu ku njia ya Kamatanda, hapa Likasi, aisomee bantu kwa sauti, kisha njo ikufikie weye kule Kolwezi. Masomo yangu ilisimama mwaka wa ine. Ule wa tano ulinitafuta ukanikosa, juu nilikuwa mu pori. Lakini bik ya kuandikia ningali najua kuishika, na kichwa yangu haijasahau kitu.

Unakumbuka vile nilikuwa nakubeba ku kinga, ile baiskeli yangu, weye umekaa mbele ku chuma, bunduki imefungwa nyuma, tunashuka mpaka ku muto Lufira? Baba yako alikuwa amekwisha kufa. Nilikufundisha kumusikia ngulube, nguruwe ya pori, mbele ya kumuona, vile anavunja mizizi na kuguna sawa muzee mwenye kutafuta viatu yake chini ya kitanda. Ulinishika suruali ukauliza iko wapi. Nikakuambia, "Nyamaza, pua yake inaona kupita macho yako." Ile siku niliua mbili kwa risasi moja, na ya tatu ikakufa kwa haya ya kubaki peke yake. Weye uliona. Nilikukatia kipande ya moyo, ukakula, ukalala ku mugongo yangu njia yote. Hakuna mutoto mwengine nilibeba vile, hata bale nilizaa minye mwenyewe.

Njo maana inaniuma kupita mufupa.

Sasa bantu benye kusikiliza hii barua bajue kitu tunagombania. Kuna kiti ya chuma ya kupandia muti. Iko na vipande mbili, moja ya kukalia, moja ya kukanyaga, na kila moja iko na kamba ya chuma yenye kukumbatia muti, na meno yenye kuuma ganda. Unasukuma ya juu na mikono, unavuta ya chini na miguu, tena ya juu, tena ya chini, sawa kiwavi, mpaka unafika kule upepo inapitisha harufu yako juu ya kichwa ya nyama. Ukimaliza unashuka vilevile, unaikunja, unaibeba ku mugongo, unaenda. Haiachake musumari, haiachake ngazi. Zamani tulikuwa tunafunga matawi mu muti ya kukalia, na asubui ingine unakuta muntu mwengine amekaa pale, anakusalimia sawa mwenye nyumba.

Ku soko kuna muuzaji mumoja, alikuwa na viti vile mbili vyenye kutoka Zambie. Kidogo ilikuwa nyepesi, aluminium, unaibeba na kidole, lakini inavumilia paka kilo mia moja. Kubwa ilikuwa chuma kweli, inavumilia mia na makumi ine, na ukiibeba shingo inaingia mu kifua. Akaniuliza niko na kilo ngapi. Nikamuambia muwindaji hapimwake sawa muhogo. Akasema basi hauzishi, juu muntu akianguka bibi yake atakuja kulia mbele ya meza yake, na biashara itakufa. Niliona ni muntu wa akili.

Njo nikakufikiria weye. Ulikuwa unasimama ku balanse, mizani ya kupimia, mu ile depo ya Kamatanda yenye kununua majiwe ya madini. Likasi nzima inajua ile balanse inaibaka. Krezere, muchimbaji wa mikono, anakuja na mufuko ya majiwe yenye imemuvunja kiuno, balanse inasema ni kitambaa ya kujipangusa pua. Minye pia nilijua. Lakini nilisema mu roho yangu: inaibia bale benye kuchimba, haiwezi kumuibia yomba, kaka ya mama, mbele ya macho ya mwipwa yake.

Nikapanda na viatu, na koti. Weye ukaangalia ule mushale wa balanse na uso ya pasteri mwenye kuzika. "Makumi munane na tisa, yomba. Ungali kijana."

Nilitoka pale nikitembea sawa muntu mwenye kuvaa suruali mupya. Nilimuambia bibi yangu aongeze bukari ku sahani, juu nilikuwa nimekonda. Nikarudia ku soko nikachukua ile kidogo. Muuzaji akaniangalia tumbo, akaniangalia uso, akauliza nilipimwa wapi. Nikasema kwa mwipwa wangu. Akaifunga na kamba akanipa, juu hakuna muntu anaweza kubishana na ile neno.

Ile siku ya kwanza ya kuipanda, weye uko chini ya muti, minye niko juu, jua ingali inawaka ku majani. Nilipanda vizuri. Hata ndege mmoja alisogea kunipa nafasi. Ngulube akatokea, dume, mukubwa sawa gari ya kubeba mukaa, na meno yenye kupinda mara mbili. Nikainama kidogo tu kulenga, na kile kipande ya chini ikasema kree. Meno ikaachia ganda. Minye na kiti tukashuka pamoja, tumekaa vizuri, tunaangalia mbele, sawa bantu benye kwenda misa. Nilishuka mbiyo mpaka kofia yangu ilibaki kule juu inafikiri ningali ndani. Na kitu weye hukusemaka kwa bantu, Trezor, ni vile niliangukia ule ngulube mu mugongo. Bantu ba upande wa Buluo banamuonaka mpaka leo, anatembea amepinda, na akisikia sauti yangu anaenda upande ingine.

Lakini kiuno yangu njo ililipa. Nililala pale nikikuita. Na weye, mutoto nilibeba ku mugongo, ulishika muti na mikono mbili kusudi usianguke kwa kucheka. Kisha ukasema ile neno. Ulisema ukipangusa machozi, bila ubaya, na njo ubaya yake: "Lakini yomba, ile balanse inakulaka kilo. Ulifikiri weye itakuachia?"

Ulijua. Uliangalia ule mushale unaongopa, ukajua unaongopa, ukanisomea uongo kwa sauti, kisha ukaniangalia napanda.

Ile wiki, mu depo nzima jina yangu ilikuwa Asansere, ile lifti ya majumba marefu. Weye njo ulinibatiza. Ulibaambia kuna asansere moja mu Likasi yenye haitumiake courant ya umeme, ni yomba yako, inashuka yenyewe bila kuguswa. Ukaenda zako Kolwezi, kwa kazi ya kupima tena majiwe ya bantu, jina ikabaki na minye. Batoto banaipigia ku mugongo yangu: Asansere, utushushe. Bale nilikuwa naenda nabo mu pori, sasa banaenda bila minye. Banasema bakinichukua, muti itataka kulipwa. Muuza munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, ananiuliza kama ninashukia hapa ao ninaendelea. Hata pasteri alihubiri juu ya bantu benye kujiinua, na macho yake ikatembea mu kanisa mpaka ikapata kiti yangu. Minye, mwenye kulishaka hii cité nyama, minye mwenye simba alinigeuziaka mugongo mara mbili kwa heshima.

Usifikiri nimekaa nalia. Nilienda ku centre de santé, pale banapimaka bamama na batoto, nikangoja mu mustari katikati ya mimba. Mama mwenye kupima akasoma, akasoma tena: mia na kumi na ine. Hapa njo nilijua wizi yako yote. Ulinikata mwili sawa nyama ya buchéri. Kilo makumi mbili na tano, Trezor: ni muguu moja muzima na sehemu ya ingine. Nilitembea mu Likasi siku nyingi na muguu yenye haiko mu hesabu.

Kisha nikachagua kiti, na mara hii sikukimbia. Nilichukua ile kubwa. Nikaitingisha karibu na sikio, juu kiti yenye kulia kengele inaambia ngulube saa ya chakula yako, na pale ilikuwa inagonga nikaifunga na mupira ya kinga. Nikaangalia meno kama ni ya kuuma ao ya kuchekea. Nikapima ile kamba ya chuma ku muti yenyewe mbele ya kulipa, juu kuna kamba yenye kuzunguka muti ya mu foto lakini muti ya kwetu inaikataa. Sudere, fundi wa kuunga chuma, akaongeza chuma moja chini ya kiti, na akanipa ushauri ya kufunga vile vipande mbili na kamba, kusudi cha chini kisitoroke kikiniacha nimening'inia sawa nguo. Nikashona mukaba ya kujifunga ku muti. Na nikachagua muti: mubanga, ngumu, imenyooka, haina tawi mpaka juu sana. Nilipandisha mifuko ya muchanga pale na kamba, nikaiacha ilale siku nzima. Haikusogea hata kidole.

Weye na marafiki yako mutasema muzee anacheza. Sawa. Sasa sikia juu ya ndoa yako.

Mama yako alikuja, akakaa, akashika magoti yangu. Akasema umepata bibi, mutoto wa bantu bazuri, na ukoo yake inataka kumuona yomba mbele ya kufungua mulango. Akasema tena ulibaambia yomba yako ni muwindaji mukubwa, atakuja na nyama ya pori. Niliuliza mara mbili kama ni vile ulisema. Muwindaji mukubwa. Kwa bakwe yako, ukoo ya bibi, niko muwindaji, kwa Kamatanda niko asansere. Balanse yako inajua kuongeza pia, naona, ikiwa weye njo unauzisha.

Weye unajua kwetu: mwipwa haoake kama yomba hakukaa ku ndoa yake. Baba yako angekuwa muzima, hata yeye angeningoja minye. Mama yako analia, na machozi yake naipenda, juu tulinyonya titi moja. Lakini nimekataa. Nimemuambia nitakataa mpaka ufanye kitu moja, na sitapunguza.

Utatoka Kolwezi. Utakuja mu ile depo ya Kamatanda asubui, saa yenye bakrezere bamejaa na mifuko yao. Utapanda juu ya ile balanse weye mwenyewe, bakusome. Kisha utasema kwa midomo yako, mbele ya bale bote ulichekesha: "Hii balanse inaiba. Ilimuibia yomba yangu kilo makumi mbili na tano, na minye nilijua." Ile tu. Sitaki mbuzi, sitaki koti, sitaki uniombe musamaha pembeni sawa muntu mwenye kukojoa.

Najua patron wako wa Kolwezi anakulaka sahani moja na ule wa hapa. Ukisema, jioni hauna kazi. Usiposema, hauna bibi. Nilifikiria sana kama ni kali kupita. Nilifikiria nikilala ku upande wa kiuno yenye mvua inaniamushaka, nikaona ni sawasawa. Bale benye kuvunjika kiuno mu mashimo kwa majiwe yenye uliita kitambaa, nao bako na bayomba, nao bako na batoto.

Ukisema, nitakaa ku ndoa yako na koti ile ile, nitaleta ngulube muzima, na shingo, sehemu ya yomba, nitaikata mbele ya bakwe na nitakupa weye. Hakuna yomba alifanyaka vile. Nitaifanya minye.

Usiposema, basi olea kule, useme kwa bakwe yako baba na mama na yomba bote balikufa, na uone kama mama yako atacheka.

Hapa penye naandika, niko juu ya mubanga. Nimejifunga mukaba, karatasi iko ku goti, chuma hailie. Nyama haijatokea bado, lakini haraka sina. Chini naona njia yote yenye kutoka Kamatanda, na kila muntu mwenye kupita naweza kumutambua kwa mwendo. Wako naujua tangu ulianza kutembea. Bakija kunishusha kwa maneno, bataongea na ganda ya muti. Nitakuona ukikuja, ao nitaona njia bila weye, na saa ile itafika ya kushuka, nitashuka minye mwenyewe, polepole, kipande kwa kipande.

Ubaki na Mungu mpaka uchague.

Minye, yomba yako, kaka ya mama yako