Mdiria Aliyeandikwa kwa Penseli

Mama Furaha wangu,

Septemba imerudi Durban na miti ya Glenwood imeanza kuchipua. Leo asubuhi sikufungua duka la simu. Nilipanda kilima kutoka Umbilo hadi msitu wa Pigeon Valley, njia ikiwa bado na umande, nikitembea kama mtu ambaye hajaamka vizuri. Kila kona nilikuona mbele yangu, na kitambaa chako cha kijani, ukinionyesha kwa kidole ninyamaze.

Barua hii naiacha wazi, anayetaka aisome. Uongo wangu niliusema mbele za watu, kwa hiyo sioni haki ya kuja kuutubu chumbani peke yangu.

Unakumbuka ndege walivyoingia nyumbani kwetu? Ulikuwa ukifanya usafi kwa Mama Naidoo, yule mwalimu mstaafu wa Overport. Siku moja ndege mdogo alijigonga kwenye kioo ulichotoka kukifuta, akaanguka. Ulimfunika ndani ya aproni yako mpaka akazinduka. Uliporudi ulinionyesha kidole gumba.

"Baba Furaha, ni mdiria, lakini ya kidogo hivi! Na maji haitaki, inakulaka panzi tu."

Nikakuambia kosa ni lako, kioo ulikisafisha kupita kiasi. Ulicheka mpaka binti yetu Furaha akaja kuuliza kuna nini.

Basi Mama Naidoo akakuazima darubini na kukuingiza katika kikundi chake cha Jumamosi. Walikuwa wazee sita wenye kofia, chupa za chai na daftari moja jeusi. Kila majira ya machipuko waliandika humo siku ya kwanza ya kila ndege anayerudi. Ndege akionwa na watu wawili, aliandikwa kwa wino. Akionwa na mmoja, aliandikwa kwa penseli, akae hivyo mpaka apatikane shahidi. Hata Mama Naidoo mwenyewe alikuwa na ndege wake wa penseli.

Mimi nilizichukia Jumamosi hizo. Nilikuwa nimezoea kuamka nikisikia sombe, majani yetu ya muhogo, likichemka na wewe ukirudia nyimbo za kwaya. Ghafla nikawa naamkia chai iliyopoa na nyumba kimya. Nilikuwa na wivu, Mama Furaha. Mtu mzima mwenye ndevu, nawaonea wivu ndege.

Ndipo ukaja mwaka ule wa Kombe la Dunia na mavuvuzela. Ulinibembeleza wiki nzima nije, nikaja nimenuna. Tulibaki nyuma ya wenzako, jua likishuka kidogo kidogo kupitia majani, vumbi likielea ndani ya mwanga. Ukanishika mkono.

"Usitembee. Angalia kule, kwa ile tawi ya chini."

Nilimwona. Mgongo wa buluu, tumbo la rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, na shavuni alama ya zambarau kama mtu aliyejipaka poda kwa haraka. Sijui alitulia pale muda gani. Mpaka leo nikifumba macho bado yupo, na sisi tupo chini yake, hakuna anayepumua. Vidole vyako vilinibana, nami nikakubana. Kisha tawi likawa tupu.

Ulikimbia kuwaambia. Wakatikisa vichwa: mdiria yule hawajawahi kumwona kabla ya Oktoba. Ulisema huwezi kumchanganya na mwingine, ulishamshika mikononi. Mama Naidoo akanigeukia na kuniuliza kwa Kiingereza chake cha polepole, "Na wewe, ulimwona?"

Wote walinitazama. Nilijua nikisema ndiyo, ndege atakuwa wako, na Jumamosi zote zitakuwa zao.

"Hapana," nikasema. "Mimi sikuona kitu."

Ulichukua penseli, ukaandika polepole sana, ukafunga daftari. Tulipokuwa tunangojea robot, zile taa za barabarani, ya Umbilo Road ituruhusu kuvuka, uliniangalia.

"Eish, Baba Furaha. Unasikia njaa?"

Afadhali ungenitukana. Chakula ulichonipa siku ile sikusikia ladha yake.

Nilidhani utachoka na ndege. Hukuchoka. Septemba mbili zilizofuata ulisimama mlangoni umeshavaa viatu, ukaniuliza, "Unakuya?" Nami nikasingizia duka. Neno lilikuwa mdomoni, nikalimeza na chai. Baridi ya mwaka jana kifua kikakulaza hospitali, na ukawa unaniuliza kama ndege wamesharudi. Nikakujibu bado kidogo. Tulikuwa wawili tu pale, mkono wako ndani ya wangu, na bado sikusema. Uliondoka kabla hawajafika. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na sina namna ya kulipamba.

Wiki iliyopita Mama Naidoo alinipigia. Anahamia kwa mwanawe Johannesburg, na daftari limeanza kuachia kurasa. Leo wangelinakili katika daftari jipya, lakini yale ya wino peke yake. Ya penseli yangeishia hapo.

Ndiyo maana nilipanda kilima. Niliwakuta wamekaa, nikasema kabla sijaketi, "Nilimwona yule mdiria. Nilimkana mke wangu."

Mzee mmoja akakohoa. Mama Naidoo, mwalimu mpaka mwisho, akasema shahidi lazima aeleze alichoona. Nikaeleza. Mgongo, tumbo, mdomo, shavu, tawi la chini upande wa kushoto, vidole vyako. Alinisikiliza amefumba macho.

"Ndiye huyo," akasema. "Umechelewa miaka minne." Akanipa kalamu na kufungua ukurasa.

Mwandiko wako ulikuwa umefifia. Mdiria mdogo, siku, mahali, jina lako. Mbele yake palikuwa na nafasi ya shahidi, nami nikainama kuandika. Haikuwa tupu. Ulishaandika, kwa penseli nyepesi sana: Baba Furaha.

Uliandika palepale, nimesimama kando yako, sijamaliza hata dakika tano tangu nikukane. Sasa nimejua kwa nini uliandika polepole.

Nililia mbele ya wazee wale na sikuona aibu. Kisha nikapitisha wino juu ya herufi zako, moja moja, nikijitahidi nisitoke nje ya mistari yako. F imepinda kidogo.

Jumamosi ijayo viatu vyangu vitakuwa mlangoni mapema. Pumzika, mpenzi wangu. Wamesharudi.

Mume wako na shahidi wako,
Baba Furaha