Sentensi za Adventina

Muleba,
13 Juni 2024

Mdogo wangu Dativa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote walioko hapo Ijuganyondo. Natumaini goti lako limepata nafuu. Mimi ni mzima, ila usingizi umenipungua.

Unajua kwamba kila Jumamosi nawafundisha watoto wa darasa la tatu Kiswahili hapa barazani kwangu, maana majumbani mwao ni Kihaya tu. Nawapa kitenzi kimoja, na kila mtoto anatunga sentensi. Sharti langu ni la miaka yote: sentensi iwe ya kweli, ya jambo uliloliona kwa macho yako.

Mwezi uliopita nilitoa kitenzi “kuchimba”. Adventina, binti wa jirani yetu Rutaihwa, aliandika: “Jana baba alichimba mpakani kwa Mwalimu.” Nilimwekea alama ya vema. Jioni nilikwenda kutazama. Ule mlamula mzee, mti wa alama uliosimama kwenye kona ya mpaka, haukuwapo. Palikuwa na mche mchanga, udongo wake bado mbichi. Jumamosi iliyofuata nilitoa “kupima”, kwa makusudi. Mtoto aliandika: “Baba alipima hatua nne.” Hapo nikaona ushahidi umetimia.

Nilipeleka daftari kwa wazee wa kitongoji. Rutaihwa alieleza kwamba ng'ombe aliuangusha mlamula wa zamani, naye akapanda mwingine katika shimo lile lile. Hatua nne ni za kutoka kwenye mti wake wa kahawa, alizipima asije akakosea. Mzee Joackim alimcheka, akasema kumbe ng'ombe wa siku hizi wamesomea upimaji wa ardhi. Wakaamua Rutaihwa arudi nyuma hatua nne, na migomba yake kumi na mmoja ikawa yangu.

Dativa, Rutaihwa hakusema uongo, nami nilijua. Shimo lile nalifahamu kwa sababu nililichimba mimi. Mwaka ule baba yake alipolazwa hospitali, baba yetu aliisogeza kona ndani ya kibanja chao cha migomba. Mimi nilishika jembe, wewe ulibeba mche. Tukaambiwa tunyamaze. Tangu siku hiyo, kila anayeinama mpakani namdhania amekuja kutufukua.

Jumamosi iliyopita Adventina alikuja kama kawaida. Nilitoa “kula”, akaacha ukurasa mtupu. Nilipomuuliza, alijibu kwa adabu kwamba sentensi za kweli zimeleta ugomvi kwao, akaniomba nimruhusu atunge za uongo.

Nimewaita wazee Jumapili hii baada ya ibada, pale pale mpakani, niwaonyeshe kona ilipokuwa kabla baba hajaisogeza. Nakuomba uje. Nikiwa peke yangu, naogopa nitazipunguza hatua.

Nisalimie shemeji Julius na wajukuu wote.

Ni mimi kaka yako,
Kahigi