Daktari wa Bima Yangu ni Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaandikiwa chupa nyingine ya dawa ya kikohozi, maana nyumbani zipo tatu na mimi sikohoi.

Mimi napiga rangi magari, gereji yetu imetukatia bima ya afya mwaka huu, na bima hii inataka kila mtu achague zahanati moja ya kuanzia, bila rufaa ya hapo humwoni bingwa, basi mke wangu akachagua zahanati anakofanya kazi mama yake, ambaye ni daktari, akaniambia, "Baba watoto, ukienda kwingine watu watatuonaje? Kwa mama utapokelewa kama mwanawe," nami nikaona sawa tu, afya ninayo, nitaumwa nini.

Sasa nakojoa damu, mshauri. Haiumi, inakuja na kupotea, lakini nimeiona kwa macho yangu na ninaogopa. Nilikwenda zahanati, mama mkwe akavua miwani akauliza, "Haya baba, kinakusumbua nini?" nami mwanamume mzima nikaikodolea macho mizani iliyo pembeni nikasema nakohoa, akanipima kifua, akaandika dawa. Mara ya pili nilikuwa nimejiapiza kusema ukweli, nikajikuta nakohoa tangu mlangoni. Mara ya tatu alinitazama kidogo, akasema, "Alhamisi mimi huwa sipo, anakaa daktari mwingine humu, mwanamume, mtu mzima, hana maneno mengi," na hilo ndilo lililonichoma, maana nimeona amenichoka, ananifukuza kiaina. Nikamwendea bingwa mmoja mwenyewe, dada wa mapokezi akaigeuza kadi yangu mara mbili, akasema bima yetu haipokelewi pale, labda nilipe mfukoni, na mfuko ndio huu wa mpiga rangi. Mke wangu anajua mumewe ana kifua, basi. Nitamwambiaje mama aliyenizalia mke habari za huko chini? Au nitulie tu, maana wiki hii damu haijaonekana?

Mkwe wa Kikohozi

Marahaba, Mkwe wa Kikohozi, na pole sana. Kwenye chupa tatu nilicheka, kwenye damu nikaacha.

Usitulie. Damu kwenye mkojo, hata isiyouma, hata iliyopotea, inatakiwa kuchunguzwa mapema. Huenda ni jambo dogo, huenda si dogo, na wa kuamua si wewe wala mimi. Ikitoka kwa wingi, ikija na mabonge au mkojo ukikataa kutoka, kimbilia hospitali siku hiyohiyo, mambo ya kadi yatafuata.

Aibu unayoona mbele ya mkwe naielewa, tumelelewa hivyo. Kumdanganya daktari ndiko siwezi kukubaliana nako, na natumaini hizo dawa hukuzinywa. Bima yako imekupangia zahanati, haikukupangia mama mkwe. Daktari yeyote wa hapo anaweza kukuandikia rufaa. Kabla hujatoka na rufaa hiyo, uliza ni mabingwa gani wamo kwenye orodha ya bima yako, kisha piga simu huko anakofanyia kazi bingwa utakayemchagua uhakikishe kadi bado inapokelewa, kwa sababu orodha hizi hubadilika. Kuhama zahanati nako kunawezekana, namba ya kuuliza iko nyuma ya kadi, ila matibabu yasingoje uhamisho.

Sasa turudi kwenye Alhamisi. Daktari amesikiliza kifua chako mara tatu na hakusikia kitu. Unadhani bado anaamini unakohoa? Ameshatambua kuna jambo huwezi kumwambia yeye, akakutafutia wa kumwambia, bila kukuuliza ni nini. Hakukufukuza, mwanangu. Amekustahi, wewe ukasusa!

Nenda Alhamisi hii. Mwambie yule mzee kila kitu, pamoja na kazi ya kupuliza rangi, maana kemikali zake huenda zinahusika, na siri yako ni wajibu wake kuitunza. Mkeo mweleze leo, jikoni au popote mnapozungumza vizuri, yeye ndiye atakayekushika mkono siku ya majibu.

Na mama mkwe akikuuliza kikohozi kinaendeleaje, mwambie umekipeleka kwa daktari wa Alhamisi. Atashusha pumzi, na hatauliza zaidi.