Meno ya Bibi Milembe

Mjukuu wangu Kulwa,

Huku Chimala tu wazima, mpunga umekubali. Umeniuliza utamkabili vipi mwalimu aliyesema kitukuu changu hafai kusoma, wakati hajampima sawasawa.

Miaka ya sabini, mtoto aliandikishwa shule akiweza kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la pili. Dada yangu Milembe alizaliwa na mikono isiyoinuka kupita mabega. Mara mbili alirudishwa nyumbani, eti bado mdogo. Mwaka wa tatu mama, asiyejua hata herufi moja, alimpeleka mwenyewe kwa mwalimu mkuu.

"Mama, huo ndio utaratibu."

"Sawa, Mwalimu. Sisi ng'ombe tunampima umri kwa meno. Milembe, fungua kinywa."

Wazazi foleni nzima wakacheka. Mwalimu akainama, akayaona meno ya mbele, mapana, ya kikubwa. Akaandika jina.

Nimegombana na wakubwa wengi kwa kelele na kwa kalamu, lakini hadi leo namstaajabia mama. Hakupaza sauti. Alimwonyesha tu mwalimu pa kutazama.

Nenda na mtoto, Kulwa.

Babu yako