Zamu ya Shamba la Kumi na Mbili

Bura, 15 Septemba 2024

Laila mwanangu,

Salaam aleikum. Kifua kimepona? Huku sote wazima, ila mahindi yangu. Ile programu uliyotutengenezea ya zamu za maji ilianza tarehe mosi, na kila shamba limepata ujumbe siku yake. Mimi wa kumi na mbili, wa mwisho, sikupata. Alhamisi maji yalibaki kwa Gollo, wa kumi na moja. Anacheka: "Mwanahamisi, kompyuta ya mwanao imenipenda mimi."

Mamako

Garsen, 16 Septemba

Mama,

Aleikum salaam, na shikamoo. Kifua kimepona. Je, simu ulikuwa umeichaji? Kompyuta haisahau mtu. Inahesabu siku, inagawanya kwa kumi na mbili, na baki ndiyo namba ya shamba. Siku ya kumi na tatu baki ni moja: anarudi wa kwanza. Hesabu haitoki nje ya mfereji wenu, inazunguka tu. Ni nzuri mno, Mama! Subiri tarehe 24.

Mwanao

Bura, 25 Septemba

Laila,

Salaam. Simu ilikuwa imejaa chaji. Jana nilikaa nayo mkononi tangu alfajiri hadi magharibi. Kimya. Majani ya mahindi yamejikunja. Yakikosa maji zamu ijayo, sina mavuno. Na mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu waache kuitana kwa mdomo. Ijumaa baada ya swala wanakutana, wanataka kuitupa programu yako. Susan, mwenzetu wa mfereji, ameniuliza mbele za watu, "Ulimkosea nini binti yako?"

Umeniambia baki ya wa kwanza. Yangu mimi ni ngapi?

Mamako

Garsen, 25 Septemba

Mama, Mama!

Shikamoo, na unisamehe, afya yako nitaiuliza kesho. Baki yako ni sifuri! Kumi na mbili kwa kumi na mbili, hakibaki kitu. Programu ilikuwa ikiita shamba namba sifuri, ambalo halipo. Niliijaribu kwa siku ya kwanza, ya tano, ya kumi na tatu. Ya kumi na mbili sikuijaribu, nikailaumu simu yako. Naona haya hata kukaa siwezi.

Lakini sikiliza! Toa moja kwanza, gawanya, kisha rudisha moja kwenye baki. Ishirini na nne inakuwa ishirini na tatu, baki kumi na moja, ongeza moja: kumi na mbili. Ni wewe! Na kumi na tatu bado inamwita wa kwanza. Nimepiga kelele hadi watu wote hapa dukani nilipo wakageuka. Waambie Ijumaa kosa ni langu. Usinifichie.

Mwanao

Bura, 6 Oktoba

Laila mwanangu,

Salaam aleikum. Unakula vizuri? Niliwaambia vile vile ulivyosema. Gollo akasema upewe zamu moja tu, basi. Leo alfajiri simu ikalia: "Shamba 12, zamu yako." Nimewasomea wote kwa sauti, Susan mara mbili. Ninavyoandika hivi maji yananifika vifundoni. Mistari minne ya juu imekufa, tutawakatia ng'ombe. Iliyobaki inakunywa.

Watu wa mfereji wa pili nao wanaitaka sasa. Wako kumi na saba. Kabla hujawapelekea, mjaribu wa mwisho kwanza. Anaitwa Mbodze, ana watoto watano.

Mamako